Mvua ya Kiwanjani Kwako Inakwenda Wapi?

Ndugu wafanyabiashara, wajumbe wa serikali za mitaa, habari za asubuhi. Nimeombwa nizungumzie mitaro. Nitaiweka mwisho, maana mtaro hauondoi maji, unayahamisha tu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unakusanya maji ya Vingunguti na Buguruni, unapita Jangwani hadi baharini pale daraja la Salenda. Desemba 2011 mafuriko yaliua zaidi ya watu 40 hapa Dar es Salaam, na familia za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Lawama zote ziliwaangukia waliojenga bondeni. Waliomwaga zege uwanja mzima huko juu hawakuguswa.

Tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Una godauni lenye paa la mita za mraba 1,000? Ikinyesha milimita 50, kama masika yanavyoweza kufanya kwa siku moja, paa lako limepokea lita 50,000: matangi 10 ya lita 5,000. Na jirani yako naye anayafungulia ya paa lake barabarani saa ileile.

Sisemi ununue matangi 10. Mawili yanatosha kuoshea sakafu na kusafishia vyoo, ila yatumie maji hayo kila siku. Tangi lililojaa tangu juzi halipokei mvua ya leo, na hilo wengi hawalifikirii. Yanayozidi yapeleke kwenye shimo la kunyonya maji, lililojazwa mawe, mbali na msingi wa jengo na mbali na shimo la choo. Kabla hujamwita fundi, chimba kishimo, kijaze maji, ukitazame. Kwenye mchanga yanazama ukiwa bado umesimama. Kwenye udongo wa mfinyanzi utayakuta kesho.

Pevingi, vile vitofali vya kutandika uwanjani, nazo zina ujanja wake: ukizipanga juu ya zege na kuziba nafasi kwa saruji, umejenga paa la pili chini. Zipange juu ya kokoto, na nafasi zijazwe kokoto ndogo.

Wenye gereji na vituo vya mafuta, ninyi msinyonyeshe ardhi maji ya uwanjani. Yapitishwe kwanza kwenye chemba ya kutenga mafuta, kwani watu wanachota visimani. Na wale wanaosubiri mvua ndipo watapishe vyoo, nadhani mnajijua.

Sasa mtaro. Huo ni wa mwenye udongo wa mfinyanzi. Chimba bustani iliyo chini kuliko uwanja, maji yatulie humo, kisha yatoke polepole kwa bomba jembamba kwenda mtaroni. Yasikae zaidi ya siku mbili, mbu wasipate pa kuzaliana. Mdomoni mwa bomba weka wavu unaofunguka kwa mkono bila spana, kwa sababu atakayeusafisha saa nane za usiku ni mlinzi, si mhandisi.