Lobanovskyi: winga wa kona aliyegeuka kocha wa mahesabu

HASSANI: Karibuni tena, wapenzi wa soka. Leo tunakwenda Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, enzi hizo sehemu ya Usovieti. Tumepokea maombi mengi ya kuzungumzia makocha wa Ulaya Mashariki, na mimi na dada Neema hatukubishana hata kidogo tuanze na nani.

NEEMA: Tungebishana nini, kaka? Ni Valeriy Lobanovskyi. Ila naomba tuanze na Lobanovskyi mchezaji, maana wengi wanamjua yule mzee mnene wa miaka ya 1990, anakaa benchi hatabasamu, anayumbayumba mbele na nyuma dakika 90. Huyo alikuwa winga! Winga wa kushoto wa Dynamo Kyiv, mrefu, fundi wa chenga.

HASSANI: Na kona zake.

NEEMA: Kona zake zilikuwa habari ya mji. Walimwita mpigaji wa "jani kavu". Mpira unakwenda juu kama unatoka nje, halafu ghafla unakata na kushuka langoni. Wakati huo huo alikuwa anasomea uhandisi wa mambo ya joto chuoni, kwa hiyo kupinda kwa mpira kwake ni jambo la kukaa chini na kupiga hesabu. Akishapiga hesabu anaingia uwanjani anarudia na kurudia.

HASSANI: Mwaka 1961 akachukua ubingwa wa Usovieti na Dynamo. Wasikilizaji wapime uzito wake: kabla ya hapo ubingwa ule haujawahi kutoka nje ya Moscow.

NEEMA: Kisha mwaka 1964 akaja kocha Viktor Maslov. Maslov anataka timu ikabe pamoja, viungo wajae katikati, na winga anayesubiri mpira pembeni hana kazi tena. Lobanovskyi akapoteza nafasi, akaenda Odesa, halafu Donetsk na Shakhtar, na kufikia 1968 akatundika daluga akiwa na umri wa miaka 29. Hapa ndipo kisa kinaponishika. Mtu huyu aliondolewa kwa sababu ya mfumo. Wewe ungetegemea akiwa kocha awape wasanii uhuru wote, sivyo?

HASSANI: Mimi ningefanya hivyo.

NEEMA: Yeye akafanya kinyume. Akaukaza mfumo kuliko Maslov mwenyewe.

HASSANI: Alianzia Dnipro mwaka 1969, timu ya daraja la pili, akaipandisha ligi kuu. Lakini kikubwa alichookota huko ni mtu. Anatoliy Zelentsov, mwanasayansi.

NEEMA: Zelentsov ni nusu ya hadithi hii. Waliporudi Kyiv, Lobanovskyi akachukua timu mwishoni mwa 1973, wakawa na maabara yao. Wachezaji wanapimwa kasi ya kuitikia, kumbukumbu, pumzi. Kila mechi inaandikwa tendo kwa tendo: pasi ngapi, umekaba mara ngapi, umepoteza mipira mingapi. Asubuhi ya pili karatasi inabandikwa ubaoni, jina lako na namba zako, mwenzako anasoma. Hii ni miaka ya 1970, kaka! Leo klabu kubwa zinaajiri watu wa takwimu na tunaona jambo jipya.

HASSANI: Walikuwa na imani kwamba timu ikipunguza makosa yake hadi kiasi cha asilimia 15 hadi 18 ya matendo yote, haifungiki. Na kwao timu ilikuwa kitu kimoja chenye viungo 11. Akitoka mmoja mahali pake, mwingine keshaziba. Beki anapanda, winga anashuka, hakuna wa kusimama anatazama.

NEEMA: Na kukaba kulikuwa kwa aina tatu. Kuna kukaba juu kabisa, langoni kwa mwenzio. Kuna kukabia katikati. Halafu kuna kukaba kwa uongo: mmoja anamvamia mwenye mpira kana kwamba wote wanakuja, kumbe wenzake wanavuta pumzi. Hiyo ya tatu ndiyo inayonifanya nimpende mzee huyu. Alijua binadamu anachoka, akaweka kuchoka kwenye hesabu.

HASSANI: Matokeo yalikuja haraka. Mei 1975 huko Basel, fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya, lile la klabu zilizotwaa vikombe vya nchi zao, Ferencváros ya Hungary ikala 3-0. Kisha wakacheza Super Cup na Bayern Munich, mabingwa wa Ulaya, timu ya Beckenbauer. Wakashinda 1-0 ugenini, 2-0 nyumbani, na mabao yote matatu yakatoka mguuni kwa Oleg Blokhin. Mwaka huo Blokhin akatwaa Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora wa Ulaya.

NEEMA: Lakini tusipambe. Mwaka 1976 wachezaji walimgomea kwa ukali wa mazoezi. Moscow walimsema sana kwa tabia ya kutafuta sare ugenini: shinda nyumbani, chukua pointi moja ukisafiri, mwisho wa msimu bingwa ni wewe. Kwa shabiki aliyelipa kiingilio huko ugenini, hilo ni chungu, na mimi siwezi kulitetea. Mwaka 1983 alikuwa pia kocha wa timu ya taifa ya Usovieti, ikakosa nafasi ya Kombe la Mataifa ya Ulaya kwa penalti moja ya Ureno huko Lisbon, akafukuzwa. Akarudi Dynamo 1984, akashika nafasi ya 10.

HASSANI: Ya 10! Leo angemaliza mwezi?

NEEMA: Asingemaliza. Walimwacha, na miaka miwili iliyofuata akachukua ubingwa yote miwili. Na Mei 2, 1986, Lyon.

HASSANI: Siku 6 tu baada ya mlipuko wa Chernobyl, mahali palipo kama kilomita 100 kutoka Kyiv. Wachezaji wako Ufaransa, familia ziko nyumbani. Fainali ile ile ya Kombe la Washindi, na Atlético Madrid. 3-0 tena.

NEEMA: Bao la pili, jamani. Dakika ya 85. Rats anaingia na mpira kutoka kushoto, anampa Belanov. Belanov hageuki hata kutazama, anaupeleka kwa Yevtushenko. Yevtushenko naye anausukuma kulia, na Blokhin anafika, anaudokoa juu ya kipa. Mpira umevuka upande mmoja wa uwanja hadi mwingine na kila mtu alijua mwenzake yuko wapi bila kumwona. Hapo ndipo mazoezi yale ya kuumiza yalipolipa.

HASSANI: Mwaka huo Ballon d'Or ikaenda kwa Igor Belanov. Huko Mexico, Lobanovskyi alipewa timu ya taifa wiki chache kabla ya Kombe la Dunia. Hungary ikapigwa 6-0. Kisha Ubelgiji wakawatoa 4-3 katika dakika za nyongeza, Belanov kafunga matatu peke yake, na mabao mawili ya Ubelgiji mpaka leo yanalalamikiwa kuwa ni ya kuotea.

NEEMA: Ile iliniuma kuliko fainali ya Kombe la Mataifa ya Ulaya 1988. Kwenye fainali ile ya Munich walizidiwa na Uholanzi 2-0, beki wao Kuznetsov alikuwa na adhabu ya kadi, Van Basten akapiga lile shuti lake, na Belanov akakosa penalti. Hayo ni mpira.

HASSANI: Kombe la Dunia la 1990 lilikwenda vibaya. Wakafungwa na Romania na Argentina. Waliifunga Cameroon 4-0, lakini Cameroon ya Roger Milla ilikuwa imeshafuzu kabla ya siku hiyo. Lobanovskyi akahamia Ghuba. Wasikilizaji wetu wa Dubai na Abu Dhabi, huyu mzee alifundisha timu yenu ya taifa, akaifikisha nafasi ya nne Kombe la Asia 1992 kule Hiroshima. Baadaye Kuwait, na shaba ya Michezo ya Asia 1994, Hiroshima hiyo hiyo.

NEEMA: Alirudi Kyiv mwanzoni mwa 1997 na wengi walidhani amekwisha. Ndani ya mwaka huo, kwenye Ligi ya Mabingwa, Barcelona ya Rivaldo na Figo ikapigwa 3-0 Kyiv na 4-0 Camp Nou. Camp Nou kijana wa miaka 21, Andriy Shevchenko, alifunga matatu kabla ya mapumziko.

HASSANI: Msimu uliofuata wakaitoa Real Madrid, mabingwa watetezi, Shevchenko akafunga mabao yote matatu ya Dynamo. Nusu fainali Bayern wakasawazisha 3-3 Kyiv, wakamaliza kazi Munich 1-0.

NEEMA: Sasa hesabu mwenyewe, kaka. Blokhin, Belanov, na Shevchenko aliyekuja kuipata 2004 akiwa Milan. Ballon d'Or tatu kutoka kwa kocha anayeambiwa aliwageuza watu mashine. Mimi naona mfumo ule ndio uliowapa nafasi. Shevchenko alipofika Italia, kwenye mabeki wagumu kuliko wote, alishazoea kukimbia kilima cha mazoezi mpaka kutapika. Akawa mfungaji bora wa Serie A msimu wake wa kwanza.

HASSANI: Na alijua nani alimfikisha. Milan walipochukua Ligi ya Mabingwa 2003, alisafiri hadi Kyiv kwenye kaburi la mwalimu wake.

NEEMA: Maana mzee alianguka Mei 2002, timu ikicheza Zaporizhzhia, akafariki siku chache baadaye akiwa na miaka 63. Siku mbili baada ya hapo ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa Glasgow, uwanja mzima ukasimama kwa ajili yake.

HASSANI: Kuna jambo moja nataka lisipite. Miaka ya 1980 Dynamo walipiga kambi Ujerumani, wakacheza kirafiki na timu ndogo, Viktoria Backnang. Kocha mchezaji wa timu hiyo alikuwa kijana aitwaye Ralf Rangnick. Amesimulia kwamba mpira ulipotoka alisimama akaanza kuwahesabu wapinzani, akidhani wamezidi 11.

NEEMA: Rangnick huyo huyo ambaye mawazo yake yameingia kwa makocha wengi wa Ujerumani. Kwa hiyo ukiona timu Jumamosi hii inamvamia mwenye mpira watu watatu kwa pamoja, usiniambie ni jambo la Wajerumani tu. Mtaje na mzee wa Kyiv.