Kidung'ata wa Muhogo na Nyigu wa Paraguay

Mabwana shamba, mabibi shamba na wakulima wenzangu, hamjambo. Leo nina mdudu mmoja tu, kidung'ata wa muhogo, yule mdudu mdogo mwenye unga mweupe anayefyonza utomvu wa mmea. Kisa chake kinaonyesha wazi kwa nini mdudu mgeni huwa balaa.

Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, Wareno wakauleta Afrika, ukastawi huku karne nyingi bila kidung'ata huyu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 akaonekana Kongo, pande za Kinshasa na Brazzaville, kisha akasambaa nchi kwa nchi. Hana dume. Kila mmoja ni jike, naye hutaga mamia ya mayai bila kupandwa. Akishika ncha ya mmea, majani hujikunja na shina hudumaa. Kisamvu kinakosekana, mbegu ya msimu ujao inaharibika, na kuna mashamba yaliyopoteza hadi asilimia 80 ya mavuno.

Tupulize dawa? Mkulima wa muhogo atazitoa wapi fedha hizo? Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki kule Ibadan, Nigeria, wakiongozwa na Hans Herren, waliuliza: huko kidung'ata alikotoka, nani humla? Walianza kutafuta Amerika ya Kati na kaskazini mwa Amerika ya Kusini. Wakakuta kidung'ata anayefanana naye sana, lakini maadui wa yule hawakumweza huyu wetu. Mwaka 1981 mtafiti wa wadudu Tony Bellotti akampata huyu wetu hasa kule Paraguay, na huko akapatikana pia nyigu asiyefika milimita 2 kwa urefu, Anagyrus lopezi. Nyigu akapitishwa karantini London, yaani akatengwa na kukaguliwa kwanza, akafikishwa Ibadan, na kabla mwaka haujaisha akaachiliwa shambani.

Nyigu jike hutaga yai ndani ya kidung'ata, na buu akianguliwa humla kwa ndani. Muhogo ulioshambuliwa na vidung'ata hutoa harufu, na nyigu huifuata hiyo harufu! Mimi hilo hunistaajabisha kila nikilisema. Kufikia miaka ya 1990 nyigu alikuwa ameshakaa katika nchi zaidi ya 20, Tanzania ikiwemo, na mwaka 1995 Herren akapewa Tuzo ya Chakula Duniani.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo wengi wetu tunapopita haraka. Kuna mashamba ambayo nyigu alifika na kidung'ata akaendelea kutesa. Mengi ni ya udongo wa kichanga uliochoka. Mmea dhaifu hulea vidung'ata wadogo wadogo, na nyigu akikuta kidung'ata mdogo hutaga yai la dume. Madume hayatagi, kwa hiyo jeshi lake linapungua. Pale udongo uliporutubishwa na kuwekwa matandazo, yaani majani makavu ya kuufunika, kazi ya nyigu ilionekana. Ndiyo maana nasema samadi na matandazo ni sehemu ya kupambana na wadudu. Sisimizi nao huwalinda vidung'ata kwa ajili ya utomvu wao mtamu, wakamsumbua nyigu asitage.

Kwa hiyo mkulima akikuita shambani, usianze na bomba la dawa. Funua majani ya juu. Ukiona vidung'ata waliokauka, wagumu, rangi ya kahawia, wenye tundu la duara mgongoni, ujue nyigu ameshatoka humo na anaendelea na kazi. Dawa ya kuua wadudu utakayopuliza hapo itamuua yeye pia. Mwambie mkulima asubiri, aweke matandazo, na akipanda tena achague pingili safi zisizo na vidung'ata. Karibuni kwa maswali.