Mato au Macho? Mwandishi Anapoanza Kuhariri

HAMISI: Karibu tena, msikilizaji. Dada Rehema, wewe uliandika hadithi miaka 8 kabla ya kushika mswada wa mtu mwingine. Kitu gani kilikushinda mwanzoni?

REHEMA: Kuuzuia mkono, kaka. Mswada wa kwanza niliopewa ulikuwa wa mwandishi wa Mombasa. Kuna bibi mle anasema, "Mato yangu hayaoni tena." Nikafuta, nikaweka "macho". Nikaendelea hivyo kurasa 40, najiona nimechapa kazi. Mwandishi aliponijibu, aliuliza jambo moja tu: "Huyu bibi sasa ni wa wapi?"

HAMISI: Lo!

REHEMA: Iliniuma, maana alisema kweli. Kile Kimvita, lahaja ya Mombasa, ndicho kilichokuwa bibi mwenyewe. Nilirudisha neno moja moja. Tangu siku hiyo najiuliza: hili ni kosa, au ni kitu ambacho mimi nisingekiandika hivi?

HAMISI: Lakini makosa ya kweli yapo. Mtu anaandika "hajali ya gari".

REHEMA: Hapo huombi ruhusa, unarekebisha. Upatanisho wa kisarufi ukivunjika, vilevile. Ila sentensi ndefu inayokuchosha wewe, andika swali pembeni, mwenyewe aamue. Na uwe na daftari la maamuzi: majina ya watu, majina ya mahali, kama "kwa hiyo" ni neno moja au mawili. Ukifika ukurasa wa 200 hukumbuki uliamua nini ukurasa wa 10.

HAMISI: Mimi humfikiria Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria. Mwaka 1962, tayari ana jina kubwa, yuko Makerere kwenye mkutano wa waandishi. Mwanafunzi mmoja Mkenya, Ngũgĩ wa Thiong'o, anampelekea mswada. Achebe akausoma, akampa maoni, ukafika kwa wachapishaji Heinemann, ukatoka kitabu mwaka 1964. Akaja kuwa mhariri mshauri wa mfululizo wao wa waandishi wa Afrika hadi 1972.

REHEMA: Na saa zile zote angeweza kuandika ya kwake! Mimi hilo hunigusa sana.

HAMISI: Anayetaka kuanza leo aanzie wapi?

REHEMA: Achukue hadithi ya rafiki, kurasa 5. Asome mara ya kwanza bila kalamu. Kisha ahariri kwenye kompyuta, kila badiliko lionekane, wakae pamoja amweleze sababu ya kila moja. Pale ambapo sababu ni "sikupenda" tu, aliondoe. Halafu malipo, jamani! Mtu akikwambia "nipitishie macho tu", muulize: mpangilio wa hadithi, lugha, au kusoma prufu, yaani kusaka makosa ya mwisho kabla ya kuchapa? Hizo ni kazi tatu, na bei zake si moja.

HAMISI: Na yule mwandishi wa Mombasa?

REHEMA: Mswada wake wa pili uko mezani kwangu. Juzi nimekuta neno nisilolijua. Sikuligusa. Nilimpigia simu, akanieleza kwa nusu saa nzima.