Gari Linamisi Baada ya Kujaza Mafuta: Anza na Chupa, Si Plagi

Sikilizeni injini hii kwanza. Sekunde kumi tu, sitasema kitu.

Mmeisikia? Inatetemeka, inamisi, yaani mafuta hayaungui kila mara kwenye silinda, nikikanyaga mafuta inasita halafu inaruka. Asubuhi ilikuwa nzima. Ikajazwa mafuta, na kilomita mbili mbele ikaanza hivi. Leo tunatafuta sababu pamoja, na plagi hatuzigusi mpaka mwisho. Nina sababu ya kusema hivyo: niliwahi kubadilisha plagi zote nne za gari la mteja, akalipa, akarudi kesho yake linatetemeka vilevile. Tenki lilikuwa na maji. Iliniuma sana.

Kabla ya yote, tazama taa ya cheki injini. Ikiwa inawaka na kuzimika, simama mahali salama, zima. Maana yake petroli isiyoungua inatoka na moshi na kwenda kuungulia kwenye katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi, na katalisti ikiyeyuka umepata gharama ya pili. Na kama gari lako ni la dizeli na umegundua limewekwa petroli, usiwashe hata kulisogeza pembeni. Lisukumwe. Pampu ya presha kubwa hulainishwa na dizeli yenyewe. Ikipita petroli, vyuma vinasagana.

Haya, hatua ya kwanza: toa risiti. Soma aina ya mafuta na idadi ya lita. Watu wengi hujua jibu hapo hapo.

Hatua ya pili ni kujiuliza, shida ilianza lini hasa, na je, inaendelea? Hapa tulia, maana ndipo njia zinapoachana. Likiwaka kwa taabu pale pale kituoni, likatetemeka dakika moja au mbili, likanuka petroli, kisha likatulia kabisa mpaka siku nyingine ya kujaza, huenda mafuta hayana kosa. Hiyo ni valvu ya mvuke, tutaifikia. Lakini likiondoka vizuri, likaanza kumisi baada ya mwendo mfupi na lisipone, shuku kilichoingia tenkini. Mafuta ya zamani yaliyokuwa kwenye mabomba na filta ndiyo yaliyokufikisha hapo.

Hatua ya tatu, chupa ya kioo. Injini iwe imepoa, uwe nje penye hewa, pasiwe na sigara wala cheche, na usivute petroli kwa mdomo, hata kidogo. Chomoa fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini mpaka ijizime yenyewe, ndipo presha ishuke. Fungua mpira wa mafuta unaotoka tenkini, uelekeze kwenye chupa, rudisha fyuzi, fungua swichi bila kupiga stata. Pampu itasukuma kidogo kisha itakata. Rudia mpaka upate nusu chupa. Kwa injini zinazopuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, fungua upande wa presha ndogo tu. Upande wa presha kubwa mwachie fundi mwenye vifaa vyake.

Sasa iache chupa itulie kama robo saa. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini, na mdomo wa pampu nao uko chini kabisa ndani ya tenki. Ndiyo maana maji kidogo tu yanaisumbua injini wakati geji inasoma tenki limejaa. Tazameni hapa, mnauona mstari? Juu petroli, chini maji. Ukiona ukungu badala ya mstari, ni maji yaliyosambaa bado.

Ila kuna mtego. Chupa ikiwa safi, bila mstari wowote, inaweza kuwa ni maji matupu! Dondosha tone la maji ya bomba ndani. Likizama kama shanga, hiyo ni petroli. Likipotea, umeshika maji.

Kisha chovya kijiti, udondoshe tone kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha kitu. Ikibaki alama ya mafuta mafuta, kuna dizeli au mafuta ya taa ndani.

Chupa imefaulu na karatasi imefaulu? Twende kwenye valvu ya mvuke. Kazi yake ni kupeleka mvuke wa petroli kutoka kwenye kasha la mkaa, linalonasa mvuke wa tenki, kwenda injini ichome. Isipopewa umeme inatakiwa kufunga. Chomoa plagi yake ya umeme, injini ikiwa inawaka bila kukanyaga mafuta, toa kwenye valvu mpira unaotoka kwenye kasha, weka kidole kwenye mdomo wa valvu. Ikivuta, imekwama wazi. Wale wanaoendelea kuminya mafuta baada ya pampu ya kituo kujikata, tafadhali acheni. Petroli yenyewe, si mvuke tu, huingia kwenye lile kasha na kuliharibu.

Mwisho ndiyo mashine ya kusoma kodi, yaani namba za hitilafu zilizohifadhiwa kwenye kompyuta ya gari. P0300 ni kumisi huku na kule, bila kushikilia silinda moja, na inaendana na mafuta mabaya. Ikija P0302 peke yake, ni silinda ya pili tu, na mafuta hayachagui silinda. Hamisha koili ya pili, ile inayoipa plagi umeme wa cheche, uipeleke silinda ya tatu. Kodi ikigeuka P0303, koili ndiyo mbovu, na kujaza mafuta ilikuwa sadfa.

Kwa gari hili, mmeona mstari kwenye chupa. Tunashusha tenki, tunamwaga yote, tunalikausha, tunabadilisha filta. Kumimina dawa ya kutoa maji tenkini juu ya maji mengi namna hii siwashauri. Chupa naifunga vizuri, naandika tarehe, naiweka na risiti mbali na moto, mwenye gari arudi nazo kituoni.