Kilimo Kikikua, Nani Anainuka?

Ndugu wasikilizaji, Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya maendeleo ya mwaka 2008, ilieleza kuwa ukuaji unaotokana na kilimo una nguvu ya kupunguza umaskini angalau mara mbili ya ukuaji wa sekta nyingine. Naukubali ukweli huo. Lakini huo ni wastani, na ndani ya wastani watu hupotea.

Tuanze na mwenye shamba dogo. China ilipoanza mwaka 1978 kuzikabidhi kaya mashamba ya jumuiya kwa mkataba, karibu kila kaya ya kijijini ilipata kipande, na vipande havikupishana sana. Mavuno yalipoongezeka, kipato kilipanda nyumba kwa nyumba. Pale ardhi iliposhikwa na wachache na mashine ndizo zinazovuna, uzalishaji unaweza kupaa huku kibarua akikosa kazi.

Huyo kibarua nataka tukae naye zaidi, maana ndiye tunayemsahau. Anaishi kijijini, kwa hiyo tunamwita mkulima. Kumbe chakula ananunua, kwa kuwa kishamba chake hakimfikishi msimu wa pili. Bei ya nafaka ikipanda tunasema wakulima wamepata, na jioni hiyohiyo yeye anapunguza kipimo. Ukuaji humfikia kwa njia mbili tu: ujira na bei. Mpunga mfupi uitwao IR8, mbegu iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966, uliwafaa vibarua wengi wa Asia kwa sababu ulikomaa mapema, ukaruhusu misimu miwili kwa mwaka palipo na maji, na kila msimu ulidai mikono ya kupandikiza, kupalilia na kuvuna. Kisha wingi wa mavuno ukashusha bei, nafuu iliyomgusa hata maskini wa mjini asiyewahi kushika jembe. Mkulima wa nyanda kavu, asiye na mfereji, hakuipata mbegu hiyo; alichopata ni bei iliyoshuka.

Na mwanamke je? Analima, anapalilia, lakini ardhi ina jina la mume. Zao likianza kuleta fedha, mara nyingi mume ndiye anayelipeleka sokoni na kushika malipo. Nasikitika kila ninapoona hesabu zetu zikilipita jambo hili, kwa sababu umaskini tunaupima kwa kaya: kaya yake itaandikwa imevuka mstari wa umaskini, hata kama mkononi mwake hakijafika kitu.