Haile Gerima hakungoja kufunguliwa mlango

Hamjambo nyote. Kabla hatujazima taa, naomba mnivumilie kidogo nimzungumzie mwenye filamu tutakayoitazama.

Haile Gerima alizaliwa mwaka 1946 Gondar, Ethiopia. Baba yake alikuwa mtunzi wa michezo ya kuigiza, lakini senema iliyofika mjini ilikuwa ya wageni. Gerima mwenyewe amesimulia kwamba Waafrika walipomnyemelea Tarzan kwa nyuma, yeye na watoto wenzake walipiga kelele kumwonya Tarzan. Hebu fikirini. Mtoto wa Kiafrika kakaa gizani, moyo unamdunda, anamwombea mzungu asalimike mikononi mwa watu wanaofanana na baba yake! Kwangu mimi, kazi zake zote zilizofuata zinajibu zile kelele.

Mwaka 1967 alikwenda Chicago kusomea uigizaji, kisha akahamia Los Angeles, Chuo Kikuu cha California. Huko akawakuta vijana weusi wenye kiu kama yake, akina Charles Burnett, wanaosaidiana kazi: leo unaongoza yako, kesho unamshikia mwenzako kamera. Burnett ni mmoja wa waliopiga picha za Bush Mama, filamu yetu ya leo. Inamhusu Dorothy, mama wa Watts, mtaa wa watu weusi Los Angeles, ambaye mumewe, aliyepigana Vietnam, amefungwa kwa kosa asilolitenda.

Angalieni sana mwanzo wake. Wale polisi wanaopekua watu barabarani si waigizaji. Ni polisi wa kweli, na wanaopekuliwa ni Gerima na wenzake, waliosimamishwa wakiwa kazini. Kamera ikaendelea kupiga. Mwingine angeona siku imeharibika. Yeye alizichukua picha zile akafungulia nazo filamu.

Mwaka 1975 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Halafu ikaja Sankofa, filamu ya utumwa, mwaka 1993. Ilishindanishwa kwenye tamasha la Berlin, lakini wasambazaji wa Marekani hawakuitaka. Hapo ndipo ninapompenda zaidi mzee huyu. Yeye na mkewe, Shirikiana Aina, naye mtengenezaji filamu, walikodi kumbi wenyewe, mji baada ya mji. Watu wakaambiana, kumbi zikajaa. Baadaye wakafungua duka la vitabu na kahawa mkabala na Howard, wakalipa jina la filamu ile ile iliyokataliwa.

Teza, ya mwaka 2008, ilipata tuzo maalumu ya majaji kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia. Inamhusu msomi wa Ethiopia anayerudi kijijini kwa mama yake baada ya miaka mingi Ujerumani. Sitaisimulia, mkiipata, itazameni pamoja na mtu aliyewahi kuishi ughaibuni, kisha msikilizeni.

Sasa tuzime taa. Tafadhalini kaeni upesi, maana wale polisi wanatokea mwanzoni kabisa.