Simuleta Humfundisha Rubani Kile Ilichopewa

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu, na ninyi wanafunzi wa urubani mliokubali kukaa hata kwenye ngazi,

Nimeombwa nizungumzie mafunzo ya simuleta, yaani mtambo unaoigiza urushaji wa ndege, wanayopewa marubani wanapoajiriwa kwa mara ya kwanza na mashirika ya ndege ya kikanda. Nitasimama zaidi upande wa Marekani, kwa kuwa huko ndiko sheria, ajali na mabishano juu ya jambo hili vimeandikwa kwa kina, na kwa kuwa ndege iliyozusha mjadala wenyewe, Dash 8 Q400, ni aina ileile ambayo Air Tanzania na Jambojet hubebea abiria wao. Hoja yangu ni kwamba simuleta humfundisha rubani kile hasa ilichopewa kufundisha, na kasoro za somo huingia mwilini mwake pamoja na somo. Kwa hiyo mtu anayeuliza tu kama rubani amepita kwenye simuleta hajauliza swali lenye maana.

Mashirika ya kikanda ya Marekani, kama SkyWest, Republic na Envoy, hurusha ndege za abiria 50 hadi 76 hivi kwa niaba ya mashirika makubwa, na tiketi ya abiria mara nyingi huwa na jina la shirika kubwa. Kwa marubani wengi hapo ndipo mahali pa kuanzia kazi. Anayeajiriwa hutoka kwenye ndege ndogo ya injini moja, ambamo pengine alikuwa akiwafundisha wengine, na baada ya miezi michache hutarajiwa kukaa kiti cha kulia, kile cha rubani msaidizi, katika jeti ya Embraer 175. Tangu Agosti 2014 hawezi hata kuufanya mtihani wa maandishi wa leseni ya juu, ile ya rubani wa mashirika ya ndege, kabla ya kuhudhuria kozi ya saa 30 za darasani na saa 10 za simuleta, 6 kati ya hizo zikiwa kwenye simuleta kamili inayosogea. Baadaye hufuata taratibu za kampuni, mifumo ya ndege, na mazoezi katika chumba cha bandia kisichosogea, ambamo mikono hujifunza mahali ilipo kila swichi. Ndipo huingia simuleta yenyewe, wawili wawili, kwa vipindi vya saa nne, mmoja akirusha kwa saa mbili na mwenzake akimsaidia, kisha hubadilishana. Mtambo huo ni ghali mno kuachwa usingizini, kwa hiyo mgeni asishangae akipangiwa kipindi kinachoanza saa nane usiku.

Jambo moja ambalo abiria wengi hawalijui ni kwamba rubani akifaulu huko, mara yake ya kwanza kabisa kuitua ndege halisi ya aina hiyo inaweza kuwa na abiria ndani. Huwa ameketi na kapteni msimamizi kwa saa zisizopungua 25 za safari za kawaida, lakini abiria wapo. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Marekani, FAA, ilifungua njia hiyo kwa mpango wake wa mwaka 1980, kwa sharti kwamba simuleta iwe ya daraja la juu. Binafsi sioni ubaya wake, maana mafunzo katika ndege halisi yaliua marubani na wakufunzi wengi kabla ya hapo, hasa walipokuwa wakizimiana injini makusudi karibu na ardhi.

Hebu tuutazame mtambo wenyewe. Edwin Link, mwana wa mtengeneza vinanda wa Binghamton, New York, aliunda wa kwanza wenye manufaa mwaka 1929, akitumia mivukuto ya vinanda kukiyumbisha kibanda. Simuleta ya leo ya daraja la D, lile la juu kabisa, ni kibanda kilichoinuliwa juu ya miguu sita inayorefuka na kufupika, na ndani yake mna chumba cha marubani kilichonakiliwa swichi kwa swichi. Miguu ile haiwezi kukipeleka kibanda popote. Rubani anapoongeza nguvu ili kupaa, kibanda huchomoka mbele kidogo, kisha huinama nyuma taratibu, polepole kuliko uwezo wa sikio la ndani kutambua, huku picha ya njia ya kurukia mbele yake ikibaki imenyooka. Mgongo unaoegemea kiti hudhani kuwa ndege inaongeza mwendo. Hila hii ni ya werevu mkubwa, ila ina mpaka: haiwezi kumkandamiza mtu kitini kwa uzito maradufu kwa sekunde kumi, wala kumfanya aelee. Ndege inapokuwa katika hali mbaya kweli, hapo ndipo simuleta inapodanganya zaidi.

Kwa kazi za kila siku, hata hivyo, haina mpinzani. Chukueni zoezi ambalo kila mwajiriwa mpya hulifanya mpaka achoke: injini kuzimika wakati wa kupaa, mara tu baada ya mwendo wa uamuzi, ule ambao ukishaupita huna ruhusa ya kusimama. Mkufunzi aliyekaa nyuma hugusa skrini yake, injini ya kushoto inakufa, na pua inavutwa kushoto. Mgeni hushawishika kuinamia vipimo vya injini ili ajue kumetokea nini, wakati kinachotakiwa ni mguu wa kulia kukanyaga pedali mpaka pua inyooke, macho yakiwa mbele, na vishikio vya kuongezea nguvu ya injini visiguswe na mtu hadi ndege iwe imepaa salama. Akilirudia mara za kutosha, mguu hutangulia fikra. Uwezo huu wa kuuzoeza mguu utangulie fikra ndio thamani ya simuleta, na ndio hatari yake.

Tarehe 12 Novemba 2001, Airbus A300 ya American Airlines, safari namba 587, ilianguka Belle Harbor, New York, muda mfupi baada ya kupaa, na watu 265 wakafa, 5 kati yao wakiwa ardhini. Shirika hilo halikuwa la kikanda, lakini somo lake linatuhusu. Ndege ilikutana na msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege kubwa iliyoitangulia, naye rubani msaidizi akakanyaga pedali za usukani wa mkia kulia na kushoto kwa nguvu, mpaka bawa la wima la mkia likakatika. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafiri, NTSB, iliyotaja mikanyago hiyo kuwa chanzo, ilitaja pia mambo mawili yaliyochangia: namna mfumo wa pedali za aina hiyo ulivyoundwa, na programu ya mafunzo ya shirika lenyewe. Katika zoezi moja la simuleta, ndege ya bandia ilibinuka sana huku kwa muda mfupi ikizuiwa kuitikia usukani, jambo lililoweza kumfanya rubani aamini kwamba msukosuko wa aina hiyo hudai pedali kubwa. Simuleta haikuwa na mkia wa kukatika.

Sasa tufike Buffalo, katika jimbo hilohilo la New York. Usiku wa tarehe 12 Februari 2009, Q400 ya Colgan Air, safari namba 3407 kutoka Newark, ilikuwa ikijiandaa kutua. Swichi ya kurekebisha mwendo kwa ajili ya barafu ilikuwa imewashwa, ikimaanisha kwamba onyo la mwendo kupungua mno, yaani mtetemo wa usukani, lingekuja mapema kuliko kawaida, lakini marubani walikuwa wamepanga mwendo wa kutua wa hali isiyo na barafu. Magurudumu yakashushwa, nguvu ikiwa ndogo, mwendo ukapungua bila wao kuuona, na kwenye noti 131, yaani kilomita 243 hivi kwa saa, usukani ukaanza kutetemeka. Ndege wakati huo ilikuwa bado na mwendo wa kuitosha kuruka. Kapteni akauvuta usukani kwake. Pua ikapanda, na hapo ndipo ndege ilipoingia kwenye stoli, yaani hewa ikaachana na mgongo wa bawa na nguvu ya kuinua ikaporomoka. Mtambo wa kusukuma usukani mbele ulifanya kazi yake, naye akavuta dhidi yake. Chini ya nusu dakika tangu mtetemo wa kwanza, ndege iliangukia nyumba huko Clarence Center, wakafa wote 49 waliokuwamo na mtu mmoja aliyekuwa nyumbani.

Tuwe waangalifu na yaliyosemwa na NTSB, kwa sababu hurudiwa vibaya. Haikusema kwamba kapteni alifundishwa kuvuta. Ilisema kitendo chake hakikulingana na mafunzo yake, bali kilikuwa cha mtu aliyeshtuka na kuchanganyikiwa. Na ikasema pia kwamba mafunzo yale hayakuwaandaa marubani kwa stoli isiyotarajiwa, wala hayakuonyesha namna ya kujitoa katika stoli iliyokwisha kuiva. Desturi ya mafunzo ya wakati ule kwa ujumla ilikuwa mkufunzi kulitangaza zoezi, rubani kupunguza mwendo kwa makusudi, na usukani ukianza kutetemeka, kuongeza nguvu huku akijitahidi kimo kisipungue zaidi ya futi 100 hivi. Kipimo cha ufaulu kilikuwa kimo. Dawa ya stoli ni kushusha pua, na anayeshusha pua hupoteza kimo. Mtihani ulikuwa ukimtoza rubani alama kwa kunywa dawa.

FAA ilibadilisha mwongozo huo mwaka 2012, ikaweka kushusha pua mbele ya kila kitu na kukiondoa kimo kwenye kiti cha hakimu. Kanuni ya Novemba 2013 ilidai stoli kamili na kujinasua katika hali zisizo za kawaida vifundishwe ndani ya simuleta, lakini ikayapa mashirika hadi Machi 2019. Muda huo mrefu ulikuwa na sababu. Simuleta nyingi hazikujua ndege hufanyaje baada ya stoli, kwa kuwa takwimu zilizolishwa ndani yake ziliishia karibu na onyo la kwanza, na ilibidi viwango vyake virekebishwe mwaka 2016 ili mafunzo hayo yawezekane.

Umma, kwa upande wake, unaikumbuka zaidi kanuni ya saa 1,500 za kuruka. Sheria iliyotiwa saini Agosti 2010 ilisababisha kwamba tangu 2013 rubani msaidizi naye awe na leseni ya juu, ambayo kwa kawaida hudai saa hizo, isipokuwa waliotoka jeshini wanaoruhusiwa kwa 750 na wahitimu wa shahada ya urubani kwa 1,000. Marubani wote wawili wa Colgan walikuwa wamezidi 1,500. Mwaka 2022 Republic iliomba wahitimu wa chuo chake wakubaliwe kwa 750, na FAA ikakataa. Naziheshimu familia za wafiwa wa Buffalo, zilizoilinda kanuni hiyo bila kuchoka, na sidhani kama saa nyingi humdhuru mtu. Ila saa mia kadhaa za kuzunguka uwanja na mwanafunzi katika ndege ndogo hazimwonyeshi rubani usukani unaojisukuma wenyewe mbele, na kama mtaala wa mwajiri haukumwonyesha, atauona kwa mara ya kwanza akiwa na abiria.

Kwa hiyo ninyi mtakaopelekwa nje kwa mafunzo ya aina ya ndege mtakayoajiriwa nayo, ulizeni mapema kama simuleta mnayolipiwa imeidhinishwa kwa stoli kamili, maana si kila moja imeidhinishwa. Ombeni mtambo wa kusukuma usukani uachwe ufanye kazi mkiwa mmeushika, ili mikono iijue nguvu yake. Na mkiwa na mkufunzi mwelewa, mwombeni alifiche zoezi la stoli katikati ya kipindi kingine, kwa mfano wakati mmejishughulisha na barafu na orodha ya kutua, bila kuwaambia ni lini.